Mama nina njaa! Ni njaa kweli au danadana za kulala?

KAMA nyumbani kwenu kuna mtoto wa kati ya miaka miwili na mitano, huu wimbo unaujua, sina haja ya kukuimbia beti zote. Chakula cha usiku kimeshaliwa, vyombo vimeoshwa, chandarua kimeshushwa, taa imezimwa. Nyumba nzima inashusha pumzi. Mara kutoka ndani ya chandarua inasikika sauti nyembamba: "Mamaaa... nina njaa!"

Hapo ndipo kasheshe linapoanza. Mama anasema lala. Baba anasema mpeni tu kitu, kelele za nini usiku wote huu. Bibi, kama yupo, anauliza mtoto wa watu analazwaje na njaa kwenye nyumba yenye unga. Dada wa kazi kasimama mlangoni, hajui amsikilize nani. Na mtoto mwenyewe, ambaye muda si mrefu alisukuma sahani ya wali akasema kashiba, anawaangalia mmoja mmoja ajue nani atalegea kwanza.

Jamani, watoto wana akili! Mtu wa miaka minne hajui kusoma, hajui kufunga kamba za viatu, lakini anajua kabisa kwamba hakuna mzazi wa Kiswahili atakayesikia neno "njaa" halafu akageuka upande wa pili akalala. Akisema "sitaki kulala" atakemewa. Akisema "nataka katuni" atakemewa. Akisema "nina njaa", taa inawashwa!

Mimi naishi kwa dada yangu, Tabata, na wapwa zangu wawili wa umri huo huo. Dada akikwama kwenye foleni, anko ndiye wa zamu. Kwa hiyo ninayoyaandika leo siyo ya kuhadithiwa. Na nilichokiona ni hiki: wazazi wengi wanagombana juu ya nimpe au nisimpe, wakati swali la kwanza lilipaswa kuwa huyu mtoto anaomba nini hasa. Maana "njaa" ya saa tatu na nusu usiku haiko moja. Nimezihesabu, ziko nne.

NJAA YA SAA

Hii ndiyo njaa halali, na ndiyo inayoonewa kuliko zote.

Tupige hesabu. Mtoto analishwa saa kumi na mbili jioni na dada wa kazi, maana dada naye anataka kumaliza vyombo mapema awahi tamthilia yake. Mama anaingia saa mbili na nusu kutoka Kariakoo, baba saa tatu kutoka Posta, inategemea foleni imeamuaje siku hiyo. Nyumba inachangamka. Mtoto haendi kulala ng'o, anarukaruka mapajani kwa wazazi mpaka saa tatu na nusu. Kutoka saa kumi na mbili mpaka hapo ni saa tatu na nusu kamili, na karibu zote kazitumia kukimbia.

Tumbo la mtoto ni dogo. Halijazwi mara moja kama gunia likakaa mpaka kesho. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtoto anayekaribia miaka miwili apewe milo mitatu hadi minne kwa siku, na juu yake asusa moja au mbili pale inapohitajika. Sasa mtoto wa namna hiyo akikwambia ana njaa, ana njaa! Hajakuzuga wala hajakufanyia usanii. Tatizo liko kwenye saa ya kula ya nyumba yako, siyo kwenye tabia yake.

Kuna nyumba nyingine mambo ni kinyume. Mtoto anapewa chai na maandazi matatu saa kumi na moja jioni. Ugali unakuja kuiva saa tatu, yeye ameshasinzia kwenye kochi. Anaamshwa, anameza matonge mawili huku macho yamefumba, anabebwa kitandani. Saa sita usiku anaamka analia. Nyumba nzima inashangaa, eti "si amekula huyu?" Amekula wapi? Amelishwa usingizini!

NJAA YA MACHO

Ya pili ni njaa ya macho na pua. Mtoto ameshaoga, ameshapiga mswaki, yuko na nguo za kulalia. Baba anaingia na chipsi kuku zimefungwa kwenye foili. Harufu inatangulia, baba anafuata nyuma. Wewe ungekuwa na miaka mitatu ungelala?

Hii haina haja ya kufokeana. Anayeshusha chipsi sebuleni saa tatu usiku halafu akamkaripia mtoto kwa kuomba, huyo ndiye anayetafuta ugomvi. Ama chipsi zije mapema ziliwe na wote, ama ziliwe watoto wakiwa wameshalala. Hakuna njia ya katikati hapo, mshikaji.

NJAA YA MAZOEA

Ya tatu imetengenezwa kwa mikono ya wakubwa. Siku moja mtoto alilia, akapewa biskuti ili anyamaze. Kesho yake akalia tena, biskuti tena. Wiki ikaisha. Sasa hivi biskuti siyo chakula tena, ni sehemu ya kulala, kama mto na shuka. Ukimnyima unakuwa umemnyang'anya haki yake.

Na mwili nao unazoea. Mtoto mkubwa anayepewa kikombe cha maziwa kila siku saa nane za usiku atakuwa anaamka saa nane za usiku kama aliyewekewa kengele. Simzungumzii mtoto mchanga hapa. Mchanga ananyonya usiku, na ni haki yake. Namzungumzia bwana mkubwa wa miaka minne ambaye mchana kutwa amekula vizuri.

NJAA YA MAMA

Ya nne ndiyo inayonigusa mimi, na nadhani mjini hapa ndiyo inayotawala.

Mtoto anaamshwa alfajiri, anavalishwa sare huku amelala, anatupwa kwenye basi la shule. Mama na baba nao wanatoka. Jioni yuko na dada wa kazi. Mama anaingia usiku, amechoka, miguu imevimba, kwanza aoge, kwanza ajibu simu ya bosi. Baba anataka taarifa ya habari ya saa mbili au matokeo ya mpira. Halafu wote kwa pamoja wanamwambia mtoto: "Haya, kalale!"

Kalale? Si ndiyo kwanza mmefika!

Mtoto wa miaka minne hawezi kukwambia "mama, leo sijakuona, naomba ukae na mimi dakika kumi." Maneno hayo hana. Neno alilonalo ni "njaa", na amelijaribu, akaona linafanya kazi: mama anainuka, anakuja, anamshika mkono hadi jikoni, anakaa naye wakati anatafuna. Ukiangalia vizuri, mkate wenyewe anaung'ata mara mbili tu. Muda wote anaongea. Anakusimulia nani kamsukuma nani shuleni na mwalimu alivaa gauni gani. Hapo alikuwa na njaa ya mkate kweli?

UTAIJUAJE NI IPI?

Wahenga walisema mwenye njaa hana miiko. Basi hicho ndicho kipimo chako, na hakina gharama.

Mtoto akisema ana njaa, usimletee biskuti wala usimkatalie. Mwambie tu: "Kiazi kipo. Unataka kiazi?" Au ndizi. Au ule wali aliouacha. Mwenye njaa ya kweli atakila hicho hicho kiazi kikavu na kukimaliza. Mwenye njaa ya macho au ya mazoea atakunja uso: "Siyo kiazi, nataka biskuti!" Aha! Sasa tumeelewana. Na mwenye njaa ya mama atasema ndiyo kwa chochote, ili mradi wewe ukae hapo.

Lakini usiishie kwenye kipimo hicho peke yake. Muulize dada wa kazi mtoto alikula saa ngapi, alikula nini, alimaliza au alichezea. Nusu ya ugomvi wa usiku jibu lake liko kwenye maswali hayo matatu, na wengi hawayaulizi.

MENO HAYASAHAU

Kuna watakaosema, sasa biskuti moja au pipi moja ina kasheshe gani? Mpe alale, yaishe.

Ngoja nikwambie. Mdomoni mwa kila mtu kuna vijidudu. Vikipata sukari vinatengeneza asidi, na asidi hiyo ndiyo inayolainisha na kutoboa jino. Mchana mate yanasaidia kuosha na kupunguza makali ya hiyo asidi. Usiku ukilala, mate yanapungua sana. Kwa hiyo ile biskuti iliyogandia kwenye magego saa nne usiku inafanya kazi yake bila mpinzani mpaka asubuhi. Pipi ya kijiti ya mchana na pipi ya kijiti ya kulalia, kwa jino siyo kitu kimoja.

Mbaya zaidi ni ile chupa ya maziwa yenye sukari, au juisi, ambayo mtoto analala nayo mdomoni. Hiyo inaoza meno ya mbele ya juu mapema sana, wakati mwingine mtoto hajafika hata miaka mitatu.

"Si meno ya utoto, yatang'oka!" Hiyo kauli naisikia kila mtaa. Ni kweli yatang'oka, lakini siyo yote kesho. Meno ya utoto ni 20, na magego yake hukaa mpaka mtoto ana miaka kama 10 hadi 12. Jino lililooza kwenye umri wa miaka minne unataka aishi nalo mpaka lini? Halafu kwenye miaka sita hivi linaota gego la ukubwani nyuma kabisa, bila jino lolote kung'oka kulipisha. Wazazi wengi wanadhani nalo ni la utoto, wanaliacha lioze. Hilo likienda, ndiyo basi.

Kwa hiyo mpangilio ni huu: kula kwanza, mswaki baadaye, na baada ya mswaki ni maji tu. Dawa ya meno iwe na floraidi. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu inatosha kidogo kama punje ya mchele, na kuanzia mitatu hadi sita kama punje ya njegere. Na tafadhali usimwachie apige mswaki mwenyewe halafu ukaridhika. Mkono wa mtoto wa miaka mitano haufiki kwenye magego, unazunguka mbele mbele tu kwa ajili ya kioo.

NA USINGIZI JE?

Danadana hizi zinakula kitu kingine ambacho hakuna anayekihesabu. Mtoto wa miaka mitatu hadi mitano anahitaji kulala saa 10 hadi 13 kwa siku, ukijumlisha na ule usingizi wa mchana.

Sasa mchukue huyu wa Dar anayeamshwa saa kumi na moja na nusu alfajiri kuwahi basi la shule. Akilala saa nne usiku, anapata saa saba na nusu. Hata ukimwongezea usingizi wa mchana wa saa moja na nusu, ni saa tisa. Bado hajafika hata hapo pa chini! Na mtoto asiyelala vya kutosha haonyeshi uchovu kama wewe. Wewe unapiga miayo, yeye anakuwa mkorofi, analia kwa kitu kidogo, anarukaruka kama amemeza betri. Unamwita mtundu, kumbe ana usingizi.

DAWA YAKE: JIKO LIFUNGWE KWA SAA

Baada ya hayo yote, dawa ni nini? Siyo ukali. Ni saa, na ni neno moja linalosemwa na watu wote wa nyumba.

Yupo mtaalamu mmoja wa lishe wa Marekani, mama mmoja anaitwa Ellyn Satter, aliyeandika juu ya kulisha watoto tangu mwaka 1983. Kanuni yake ni fupi: mzazi ndiye anayeamua mtoto ale nini, lini na wapi, mtoto ndiye anayeamua ale au asile, na ale kiasi gani. Kila mtu na kazi yake. Ukiitazama vizuri, kasheshe la usiku ni watu walioporana kazi. Mtoto anaamua lini na nini, mzazi anamlazimisha kiasi gani!

Kwa nyumba zetu mimi ningeipanga hivi.

Kwanza, sogeza chakula. Kama mtoto analala saa mbili na nusu, mlo wa usiku uwe saa kumi na mbili na nusu au saa moja. Chai na maandazi ya jioni iwe saa kumi, na andazi liwe moja.

Pili, kama chakula hakisogezeki kwa sababu ya kazi zenu, basi asusa ya kulalia iwepo rasmi. Ndiyo, rasmi! Kila siku, saa ile ile, mezani au mkekani, siyo kitandani. Iwe kama nusu saa kabla ya mswaki. Mtoto akijua ipo, hana haja ya kuililia.

Tatu, jiko lifungwe. Sema kwa sauti: "Jiko limefungwa!" Watoto wanapenda mambo ya namna hiyo. Mwache mwenyewe azime taa ya jikoni, au afunge pazia. Aliyefunga jiko kwa mkono wake anaona aibu kidogo kulifungua.

Nne, umlipe ile njaa ya nne. Dakika kumi kitandani, simu iwe chumba kingine. Hadithi moja, hata kama ni ile ile ya sungura na fisi ya kila siku. Atakaporidhika kwamba amekupata, lile neno "njaa" linapoteza kazi.

APEWE NINI, ASIPEWE NINI

Asusa ya kulalia haitaki mambo makubwa. Ndizi mbivu. Kipande cha kiazi kitamu au muhogo wa kuchemsha. Kikombe kidogo cha maziwa yasiyo na sukari. Uji mwepesi wa ulezi. Kipande cha mkate uliopakwa siagi ya karanga kwa juu juu. Parachichi. Vyote hivyo unavipata mtaani kwako bila kupanda daladala.

Visivyofaa navyo unavijua: pipi, biskuti, juisi za boksi, soda, ubuyu wa sukari, zile krispi za pakiti zinazoning'inia dukani kwa Mangi. Na chai! Wengi hawajui kwamba majani ya chai yana kafeini ile ile inayokuondolea usingizi wewe, na pia yanazuia mwili usipate vizuri madini ya chuma yaliyo kwenye chakula. Chai ya rangi saa mbili usiku halafu unashangaa mtoto amekodoa macho?

Halafu kuna la hatari. Mtoto wa chini ya miaka mitano usimpe karanga nzima wala bisi, na asile chochote akiwa amelala chali. Punje moja ikipita njia ya hewa, gizani, ndani ya chandarua, wakati wewe uko sebuleni, siyo jambo la kuandika kwa utani.

UMWAMBIE NINI?

Usiku jiko likishafungwa na sauti ile ikaja, na wewe unajua amekula vizuri, mazungumzo yawe mafupi.

"Mama, nina njaa."

"Jiko limefungwa, baba. Asubuhi tutakunywa uji."

"Nataka biskuti."

"Biskuti haipo usiku. Maji yapo. Unataka maji?"

"Nataka maji."

"Haya, kunywa. Ukakojoe, ulale."

Basi. Usihutubie. Usimweleze habari za asidi na vijidudu saa nne usiku, hiyo nayo anaihesabu kama maongezi, na maongezi ndiyo anayoyataka. Maji usimnyime, maana joto la Dar unalijua, na mara nyingine alichoita njaa kilikuwa kiu tu.

Lakini jiandae. Usiku wa kwanza na wa pili atalia kuliko kawaida, maana kazoea mlango huo unafunguka, sasa anausukuma kwa nguvu zaidi. Ukivumilia, kelele zinapungua. Ukilegea usiku wa tatu, umemfundisha kwamba akilia siku tatu mfululizo analipwa. Bora usingeanza.

Na vitisho weka mbali. "Lala, popobawa anakuja!" "Lala, daktari atakuchoma sindano!" Unamtibu njaa ya uongo kwa kumpa hofu ya kweli. Kesho ataogopa giza, kesho kutwa akiumwa atalikimbia koti jeupe. Mkanda ndiyo usiutaje kabisa. Mtoto anachapwa kwa kusema ana njaa? Akizoea kunyamaza, siku akiwa nayo kweli nani atajua?

WAKUBWA WAKUBALIANE

Mpango wote huu unavunjwa na mtu mmoja tu. Mama amefunga jiko, baba anafungua. Baba amefunga, bibi ana pipi kwenye pindo la khanga. Nyumba za kupanga ndiyo usiseme: mtoto anakatiza uani tu, chumba cha tatu anapewa kitumbua na jirani mwenye huruma zake.

Kaeni chini mchana, siyo usiku huo mkiwa mmeshachoka. Bibi usimfokee, mheshimu, mwombe: "Mama, tunaomba hiyo pipi umpe mchana baada ya kula." Mchana atampa, roho yake itatulia. Dada wa kazi naye mpe mamlaka mbele ya mtoto, kwamba akisema jiko limefungwa, limefungwa. Siyo yeye anafunga, wewe unakuja kufungua ili uonekane mwema. Dada atakuheshimu kweli? Mtoto je?

NJAA ISIYO YA KUCHEZEA

Kuna nyumba ambazo makala hii inaweza kuonekana kama mzaha. Mtoto anasema ana njaa kwa sababu chakula hakikutosha, basi. Hapo hakuna cha danadana wala ratiba. Lakini hata hapo kuna la kufanya. Mtoto mdogo apakuliwe kwenye sahani yake. Kwenye sinia moja na kaka zake wakubwa, yeye tonge la kwanza linapoa mkononi wakati wenzake wako la tano. Ananyanyuka hajashiba na hakuna aliyeona. Na ule uji, uwekewe karanga zilizosagwa au kijiko kidogo cha mafuta ya kula. Unabaki kikombe kile kile lakini unakaa tumboni zaidi.

Zipo pia njaa zinazohitaji hospitali. Mtoto anayekula sana na bado anakonda, anayekunywa maji mengi isivyo kawaida, anayekojoa kila saa, au aliyekuwa ameacha kukojoa kitandani halafu akaanza tena, mpeleke haraka akapimwe sukari. Kisukari kinawapata na watoto, na hakisubiri wiki ijayo. Anayejikuna makalio usiku na kukosa usingizi, huenda ni minyoo. Anayekula udongo au mkaa, apimwe damu. Ile kadi ya kliniki usiitupe mara chanjo zikiisha. Mstari wa uzito mle ndani ndio utakaokwambia kama mtoto anashiba au hashibi, kuliko bibi, kuliko jirani, kuliko mimi. Na mwezi wa sita na wa kumi na mbili, watoto wa chini ya miaka mitano wanapopewa vitamini A na dawa ya minyoo, usikose.

Basi usiku wa leo sauti ile nyembamba ikitoka kwenye chandarua, usikimbilie kabati na usikimbilie mkanda. Jiulize mambo mawili tu: amekula saa ngapi, na leo amekaa na wewe dakika ngapi. La kwanza likiwa baya, mpe ndizi, apige mswaki tena, na kesho usogeze chakula. La pili likiwa baya, zima simu, ingia humo ndani ya chandarua ukalale pembeni yake kidogo. Vyombo vitaoshwa kesho.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.